Kifuu cha Nazi na Maji ya Rangi

Katika nyua nyingi za Dar es Salaam ambamo batiki hutengenezwa, siku ya kutia rangi huanza kwa jiko la mkaa na sufuria la nta. Kitambaa kikishapigwa mihuri ya nta huzamishwa katika beseni la rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidrosulfaiti, hugeuzwa kwa mikono iliyovaa glavu au isiyovaa, kisha huanikwa kambani. Mteja hukitazama kile kilichoanikwa. Kilichobaki besenini, maji mazito ya zambarau au ya kijani yenye harufu ya kukereketa, humwagwa mferejini kabla ya jua kuchwa, na mfereji huyapeleka iendako mifereji yote ya mtaa. Kwa mitaa mingi ya jiji huko ni Bonde la Msimbazi, mto utokao katika vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander, na ambao kandokando yake hulimwa mchicha na matembele ya kuuzwa sokoni.

Beseni moja la mama mtengeneza batiki halilingani na mkondo utokao katika kiwanda cha nguo. Lakini vyote viwili vina tabia moja: rangi hainasi yote kwenye uzi. Katika rangi tendaji, ambazo ndizo zitumiwazo sana kwa pamba viwandani, kati ya asilimia 10 na 40 ya rangi hushindwa kushikamana na kitambaa, ikaoshwa na kwenda na maji. Humo humo huwamo chumvi nyingi, kwa kuwa bila chumvi rangi ya aina hiyo haisogelei pamba ipasavyo, na magadi ya kuyafanya maji yawe na ukali wa alkali.

Kwa watu wa Afrika Mashariki suala hili haliishii Msimbazi. Khanga nyingi zinazovaliwa huku huchapwa India, na mmoja wa miji inayojulikana kwa kazi hiyo ni Jetpur, katika jimbo la Gujarat, ulio kando ya mto Bhadar. Mto huo umelalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya maji ya viwanda vya rangi. Upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo, katika mji wa Tirupur, mashauri ya wakulima wa bonde la mto Noyyal yalifikia hatua ambapo Mahakama Kuu ya Madras, mnamo Januari 2011, iliamuru mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe hadi viweze kufanya kazi bila kumwaga hata tone la majitaka. Khanga ifikapo Kariakoo na jina lake pindoni, sehemu ya gharama yake imekwisha kulipwa na mkulima asiyejua hata Kariakoo iko wapi.

Rangi iliyoundwa isitoke

Historia ya rangi za kiwandani imefungamana na tiba tangu siku ya kwanza. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana, chupa ilibaki na masizi ambayo, yalipoyeyushwa katika spiriti, yalitoa zambarau iliyong'aa na isiyofifia juani. Baada ya hapo viwanda vya rangi vilienea Ulaya kwa kasi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza habari za uvimbe wa kibofu cha mkojo aliouona kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Uchunguzi wa miongo iliyofuata uliwaelekezea kidole wahusika wenyewe: kemikali za jamii ya amini aromatiki, hususan benzidini na naftilamini-2. Leo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani unaziweka zote mbili katika kundi la kwanza, yaani zile ambazo uwezo wake wa kusababisha saratani kwa binadamu umethibitika.

Hapa panahitajika uangalifu wa maneno. Si kila rangi ni sumu, na rangi nyingi zilizoko madukani hazitokani na benzidini. Hatari iliyopo hasa ni hii: zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za jamii ya azo, ambazo ndani yake atomu mbili za naitrojeni zimeunganishwa kwa vifungo viwili. Kifungo hicho ni imara mbele ya jua, sabuni na jasho. Mahali pasipo na oksijeni, kama kwenye tope la chini ya bwawa au ndani ya utumbo, bakteria hukikata, na vipande vinavyobaki ni amini. Iwapo amini hizo ni zile zenye madhara, basi rangi ambayo ilikuwa haina shida kubwa ilipokuwa nzima huwa na shida ikishavunjika. Mfanyakazi wa kiwandani ana mashaka mengine pia: vumbi la baadhi ya rangi tendaji hujulikana kuchochea pumu.

Rangi yenyewe, hata ikiwa haina sumu yoyote, huuzuia mwanga usiwafikie mimea na viumbe wa majini. Baadhi ya rangi huonekana kwa jicho hata zikiwa chini ya miligramu moja katika lita ya maji. Na mabwawa ya kutibu majitaka, ambayo hutegemea bakteria kula uchafu, hushindwa nayo mara nyingi, kwa kuwa mtengenezaji alikusudia tangu mwanzo kwamba kitu hicho kisilike wala kisioze. Maji huingia bwawani mekundu na kutoka mekundu, ilhali vipimo vingine vyote vimeshuka.

Mkaa uliofunguliwa

Mwaka 1785 Tobias Lowitz, mkemia na mfamasia wa St Petersburg, aligundua kwamba unga wa mkaa ukikorogwa katika kimiminika chenye rangi, kimiminika hicho hutakata. Haikuchukua muda mrefu viwanda vya sukari vya Ulaya vikaanza kuusafisha urojo wa sukari kwa mkaa, kwanza wa miti, kisha wa mifupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko alipata hataza za njia za kuufanya mkaa uwe na nguvu nyingi zaidi, na ndipo ilipozaliwa kaboni amilifu ya leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta gesi za sumu, vifuu vya nazi na kokwa za matunda vilikusanywa Marekani ili kujaza vichujio vya barakoa za askari.

Wauguzi wa vitengo vya dharura wanaifahamu kaboni hii kwa sura nyingine: ule unga mweusi uliokorogwa kwa maji ambao mgonjwa aliyemeza dawa kupita kiasi hunyweshwa, aghalabu gramu 50 kwa mtu mzima, ikiwa amefika mapema na anaweza kumeza bila hatari ya kupaliwa. Wanafahamu pia kwamba haufai kwa kila sumu. Madini ya chuma, lithiamu, pombe, asidi kali na kostiki hazishikwi nao, au hushikwa kidogo mno. Sheria hiyo hiyo hutawala katika majitaka. Kaboni itaishika rangi, na itaiacha chumvi ipite.

Sababu ni namna inavyoshika. Sifongo hunywa maji yakaingia mwilini mwake. Kaboni amilifu hunasa vitu kwenye uso wake. Molekuli ya rangi ikiukaribia uso huo huvutwa na nguvu ndogo ndogo za umeme na za mshikamano, ikanata hapo. Kwa hiyo jambo la msingi ni kuwa na uso mpana. Mkaa wa kupikia una uso mdogo, kwa sababu vinyweleo vyake vimezibwa na lami iliyoganda wakati wa kuchomwa. Kuuamilisha ni kuvifungua vinyweleo hivyo na kuchimba vingine. Gramu moja ya kaboni amilifu nzuri ina uso wa mita za mraba 1000 hivi. Gramu saba, ujazo wa vijiko vichache, zinatosha kuutandika uwanja wa mpira wa miguu kutoka goli hadi goli.

Njia za kuamilisha ni mbili. Ya kwanza huuchoma mkaa kwa mvuke wa maji au hewa ya kaboni dayoksaidi katika joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi, ambapo mvuke hula sehemu ya kaboni na kuacha vitundu. Ya pili huloweka taka ya mmea katika asidi ya fosforasi, kloridi ya zinki au haidroksidi ya potasiamu kabla ya kuichoma. Kwa asidi ya fosforasi joto la nyuzi 400 hadi 600 huweza kutosha. Njia ya pili huvutia maabara zisizo na tanuru kali, lakini ina doa ambalo ripoti nyingi hulipitia haraka: kaboni ikishatoka tanuruni ni lazima ioshwe mpaka kemikali iishe, na maji ya kuoshea ni majitaka mapya. Anayetumia kloridi ya zinki kusafisha mto wa rangi, kisha akamwaga zinki katika mto huo huo, hajasaidia mtu.

Taka gani, kwa rangi gani?

Orodha ya mimea iliyokwisha kujaribiwa duniani ni ndefu kiasi cha kuchosha: maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, makapi ya kahawa, pumba za mpunga, mabaki ya miwa, kokwa za maembe. Karibu kila kitu chenye kaboni kikichomwa vizuri hutoa kaboni amilifu ya namna fulani. Tofauti huonekana katika mambo ya kazi. Kifuu cha nazi ni kigumu na majivu yake hayafiki asilimia moja, hivyo punje zake hazimomonyoki zikipitishiwa maji kwa miezi. Pumba za mpunga, kinyume chake, zina silika nyingi. Majivu yake ni kama asilimia 15 hadi 20, na bila kuiondoa silika uso wake hubaki mdogo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake hauvumiliki. Tena korosho nyingi za Tanzania husafirishwa zikiwa bado na maganda yake, hivyo hiyo inayoitwa taka hupanda meli pamoja na mazao. Mkonge una hadithi nyingine: nyuzi ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani, na yaliyobaki, mengi yakiwa maji, huachwa shambani na kwenye korona za Tanga.

Kifuu basi kina sifa njema, nacho kinapatikana kila penye soko la nazi pwani nzima. Hata hivyo, hesabu yake ni ya kupunguza. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa kilo 25 hadi 30 za mkaa, na mkaa huo ukiamilishwa kwa mvuke hubaki nusu yake au pungufu. Vifuu hivyo hivyo vina wateja wengine: mama lishe huvitumia kuni, na mafundi huchonga vifungo na upawa. Hakuna taka ya bure pale ambapo kuna jiko.

Jambo gumu zaidi ni ulinganifu wa kinyweleo na molekuli. Vinyweleo vya kaboni ya kifuu vingi ni vyembamba mno, chini ya nanometa mbili. Molekuli ndogo hupenya. Rangi tendaji yenye molekuli kubwa hukwama mlangoni, na uso wote wa ndani hubaki bila kazi. Kwa rangi kubwa huenda kaboni ya makapi ya kahawa au ya mti laini iliyoamilishwa kwa asidi, yenye vitundu vipana zaidi, ikafanya kazi bora kuliko ya kifuu ijapokuwa jumla ya uso wake ni ndogo.

Hapo ndipo msomaji wa ripoti za maabara anapopaswa kuwa macho. Majaribio mengi sana hufanywa kwa methilini bluu. Ni rangi yenye heshima zake: Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876, Paul Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann waliwatibia kwayo wagonjwa wawili wa malaria mwaka 1891, na hadi leo huokoa maisha ya mgonjwa ambaye himoglobini yake imeshindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Lakini kwa mjaribu wa kaboni ni mgonjwa mwepesi. Ni ndogo, na katika maji ina chaji chanya, ilhali uso wa kaboni nyingi za mimea una chaji hasi maji yakiwa na alkali. Chanya na hasi huvutana, na asilimia 99 ya rangi hutoweka mbele ya kamera. Rangi tendaji za kiwandani zina chaji hasi na hutoka katika maji yenye alkali kali, hivyo kaboni ile ile huzisukuma. Jaribio lisilotumia majitaka halisi ya kiwanda, pamoja na chumvi yake, sabuni yake na ukali wake, limejibu swali ambalo mto haukuuliza.

Mfano mdogo wa hesabu unatosha kuonyesha ukubwa wa kazi. Tuseme kaboni inaweza kushika miligramu 200 za rangi kwa kila gramu, na majitaka yana miligramu 100 za rangi katika lita. Lita 1000 zina gramu 100 za rangi, nazo zinahitaji gramu 500 za kaboni kwenye karatasi. Katika pipa halisi kiasi hicho huweza kuongezeka mara mbili au tatu, kwa kuwa uwezo ule wa juu hupatikana tu wakati maji bado yana rangi nyingi. Kadiri yanavyotakata, ndivyo kaboni inavyoshika kwa uvivu. Kiwanda kinachomwaga mita za ujazo mia kadhaa kwa siku hakiwezi kuendeshwa kwa gunia la vifuu. Ndiyo maana kaboni huwekwa mwisho wa safari, baada ya kugandisha na kutuamisha uchafu na baada ya bakteria kufanya sehemu yao, ili ishike yale machache yaliyoshindikana.

Kwa mtengeneza batiki kuna habari njema isiyohitaji kaboni kwanza. Rangi anazotumia aghalabu ni za jamii ya vati. Rangi hizo huyeyuka pale tu haidrosulfaiti inapoziondolea oksijeni. Zikipigwa na hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, na ndivyo zinavyokwama ndani ya uzi. Basi maji yaliyobaki yakiachwa katika chombo kipana na kukorogwa mara kwa mara, hewa huifanya kazi hiyo hiyo: sehemu kubwa ya rangi hugeuka chembe. Ukali wa kostiki ukishapunguzwa kwa asidi chini ya uangalizi wa mtu anayejua, shabu huzikusanya chembe hizo zikatuama, na maji ya juu ndiyo yanayopitishwa kwenye chujio la kaboni. Mpangilio ukibadilishwa, kaboni ikawekwa mbele, vinyweleo huzibwa na tope ndani ya siku moja na fedha hupotea. Mkaa wa jikoni haufai badala yake, wala kaboni iliyotengenezwa uani haifai kunyweshwa mtu aliyekula sumu. Ile ya hospitali imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya mwili.

Sinki la maabara

Kuna chanzo kingine cha maji ya rangi kilicho karibu zaidi na wasomaji wa kurasa hizi. Kila slaidi ya makohozi inayopimwa kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen hupakwa fuksini iliyochanganywa na fenoli, huoshwa kwa asidi, kisha hupakwa methilini bluu, na kila hatua huishia sinkini. Kiasi ni kidogo kwa slaidi moja, ila maabara zenye kazi nyingi hupaka makumi ya slaidi kwa siku. Majitaka haya, tofauti na ya kiwanda, yanaendana vizuri na kaboni ya kifuu: rangi zote mbili ni ndogo na zina chaji chanya, na fenoli yenyewe, ambayo ni sumu kwa samaki na kwa bakteria wa bwawani, hushikwa vyema na vinyweleo vyembamba. Yakikusanywa katika ndoo badala ya kumwagwa, yakapunguzwa asidi na kupitishwa taratibu katika bomba lililojazwa punje za kaboni, jicho la mtaalamu wa maabara linatosha kuwa kipimo cha kwanza: siku maji yanapoanza kutoka na ubuluu, kaboni imejaa.

Kaboni iliyojaa ndiyo sehemu inayosahaulika. Rangi haijaharibiwa, imehama tu kutoka majini kwenda katika punje nyeusi, na ikitupwa jalalani mvua huweza kuirudisha sehemu yake ardhini. Nchi zenye viwanda vikubwa huichoma upya kwa mvuke, vinyweleo vikafunguka, ikatumika tena kwa hasara ya sehemu ndogo kila safari. Tanuru la namna hiyo halilipi kwa kilo chache za mwezi. Njia iliyopo kwa kiasi kidogo ni kuikausha, kuihifadhi katika chombo chenye mfuniko na lebo, na kuiteketeza mahali penye joto la kutosha: kichomea taka cha hospitali kinachofanya kazi sawasawa, au tanuru la saruji, ambalo ndani yake joto hufikia nyuzi 1450 na kaboni yenyewe huwa sehemu ya kuni. Kwa maabara, kichomea aghalabu kiko nyuma ya jengo. Kwa vikundi vya batiki vilivyotawanyika Ilala, Temeke na Kinondoni, ambavyo kila kimoja kitakuwa na kilo mbili au tatu kwa msimu, linabaki swali la nani ataizungukia mitaa na pikipiki ya magurudumu matatu kuzikusanya, na nani atalipia mafuta yake.